Msimtenge Baba kwa Sababu ya Nimonia

Leeds, Uingereza

Kwa Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakufikia ukiwa mzima wa afya, pamoja na Mama na watoto wote hapo Tanga. Mimi huku sijambo. Ama baada ya salamu, ninakuandikia kwa ajili ya Baba.

Umeniarifu kwamba tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali amewekwa peke yake katika chumba cha uani, ametengewa sahani na kikombe chake, na wajukuu wamekatazwa kumwamkia kwa kuwa jirani amesema nimonia inaambukiza. Jirani hakukosea kabisa, na ndiyo maana nimeona nieleze kwa kirefu badala ya kujibu ndiyo au hapana kwenye simu.

Nimonia ni hali ya mapafu yenyewe, pale vifuko vidogo vya hewa vinapojaa usaha na majimaji hata mgonjwa akahema kwa shida. Kinachoweza kumtoka mtu kikamwingia mwenziwe ni kijidudu kilicholeta hali hiyo, na vijidudu hivyo havina tabia moja. Virusi vya mafua makali na vya Uviko-19 husambaa upesi kwa kukohoa na kupiga chafya. Bakteria wa nyumokokasi hukaa puani mwa watoto wengi wasioumwa chochote na hupita kwa njia hiyohiyo, lakini wengi wanaoambukizwa hawaugui, au huishia na mafua na kikohozi tu, ilhali nimonia huwashika zaidi wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu. Wapo pia bakteria wa lejionela, waliotambuliwa baada ya wageni wa mkutano uliofanyika hotelini Philadelphia mwaka 1976 kuugua kwa pamoja. Hao huvutwa na pumzi katika matone ya maji yaliyochafuka, na kwa kawaida mgonjwa hamwambukizi anayemuuguza.

Ya Baba ni nyingine kabisa. Katika ile karatasi ya hospitali uliyonipigia picha, daktari ameandika kuwa imetokana na kupaliwa. Tangu alipopata kiharusi, koo lake haliifungi njia ya hewa sawasawa anapomeza, kwa hiyo chai, uji na hata mate yenye vijidudu vya kinywani huteremkia mapafuni. Hakuna mjukuu atakayeambukizwa kupaliwa kwa kukaa kitandani pa babu yake.

Hofu yenu ingefaa kuelekezwa kwenye namna anavyolishwa. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mzee wa namna yake hukalishwa wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, akalishwa kwa kijiko cha chai; mlishaji hungoja aone koo limepanda na kushuka ndipo atie kijiko kingine. Sauti ikitoka kama ina maji ndani yake, tunasimama hapohapo. Akishamaliza hukaa wima nusu saa. Kinywa husafishwa asubuhi na usiku kwa mswaki laini, ulimi ukiwamo, hata kama meno yamebaki mawili, maana kinywa kikiwa kichafu, anachopaliwa nacho huwa kichafu zaidi. Mwambie Mama, kwa adabu zote, aache kumnywesha akiwa amelala chali.

Wa kuzuiwa mlangoni ni mwenye mafua, kwani kijidudu kinachomletea kijana kamasi tu kinaweza kumwangusha Baba. Naye kitinda mimba wako wa miezi minane, uliyesema anakohoa, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: zikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Tazama pia kwenye kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya nyumokokasi ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kikohozi cha Baba kikizidi wiki mbili, ombeni apimwe makohozi, kwa kuwa kifua kikuu ndicho husambaa kwa hewa ya chumbani.

Fedha za mto mgumu wa kumwegemeza nitazituma Ijumaa. Nakuomba watoto waruhusiwe kumwamkia kuanzia utakapoisoma barua hii.

Wasalaam,
Mdogo wako