Pampu ziandikwe okteni, bei pekee haitoshi

Mhariri,

Kila tarehe 14 ya mwezi Kenya nzima inangoja EPRA, ile mamlaka ya kawi, itangaze bei ya mafuta, na nyinyi mnaichapisha mji kwa mji, Nakuru hivi, Kisumu hivi, Eldoret hivi, mpaka senti. Asanteni kwa hiyo. Lakini mimi nauza spea hapa Nakuru na swali naulizwa kila saa na wateja si la bei, wanataka kujua kama gari yao inafaa super ya kawaida ama ile ingine ya bei ya juu, na hakuna mahali mtu anaambiwa. Pampu nyingi napita nazo kati ya hapa na Kisumu zimeandikwa Super basi, ya okteni ngapi haijaandikwa. Ukimuuliza atendanti anakushow "boss weka hii, inasafisha injini."

Hiyo ya kusafisha wacha niiseme mapema. Dawa ya kusafisha nozo za injini ni kitu kinaongezwa kwa mafuta, inaweza kuwa ndani ya petroli ya okteni yoyote. Okteni yenyewe haisafishi kitu na haina nguvu ya ziada ndani yake. Hiyo namba inakuambia petroli inaweza kubanwa kiasi gani ndani ya silinda kabla ijiwashe yenyewe bila kungoja moto wa plagi. Wanapima kwa kuilinganisha na mchanganyiko wa vitu viwili, iso-okteni yenye inavumilia sana na hepteni yenye haivumilii kabisa, kwa hivyo petroli ya 95 ni ile inajibeba sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 iso-okteni na 5 hepteni.

Ikishindwa kuvumilia, injini inagonga. Mtu wa Kisumu anaijua hiyo sauti akipanda Riat kwenda Kiboswa saa nane mchana, gari imejaa watu na mizigo, AC inavuma, mguu uko chini kabisa na gari haijabadilisha gia, unasikia kokoto ndani ya mkebe huko mbele. Gari za siku hizi ziko na sensa ya kusikia hiyo kitu, ikisikia tu kompyuta inachelewesha moto wa plagi kidogo, kelele inaisha lakini nguvu inapungua na mafuta inaenda zaidi, na dereva anadhani ni gearbox. Gari ya zamani haina hiyo akili, itagonga tu mpaka siku pistoni itatoboka ama gasket ya hedi iende.

Sasa nani anahitaji gani. Gari nyingi hapa kwetu zimetoka Japani, na huko regular yao ni okteni 89 kwenda juu na ile ya juu ni 96 kwenda juu. Vitz, Probox, Fielder, Axio, Demio, Note, hizi zote zilitengenezwa kunywa regular ya Japani, na super yetu ya kawaida inaipita hiyo. Ukiiwekea Vitz ya cc 1000 petroli ya bei ya juu haitakuwa Subaru jameni, kompyuta yake haijui kitu ya kufanya na hizo namba za ziada. Sema tofauti ni shilingi 15 kwa lita, tenki ya lita 40 umeacha 600 hapo, kila ukijaza.

Wenye wanafaa kutoa hiyo pesa ni wengine. Subaru za turbo, zile Forester na Impreza vijana wanapenda, Golf za TSI, Mercedes na BMW nyingi, hizo zimeandikiwa 95 kwenda juu na wenyewe ndio nawaona wakiweka ya kawaida ati gari bado inatembea. Inatembea ndio, juu ile sensa inaiokoa kila siku. Mark X usiulize rafiki, si zote zinafanana, angalia yako.

Na kuangalia ni rahisi. Fungua kifuniko cha tenki, ndani kuna stika. Ya Mzungu inakuwa na namba, 95 ama 98, na herufi RON. Ya Mjapani inakuwa imeandikwa kwa maandishi yao, piga picha na simu hizi programu za kutafsiri zitakusomea hapo hapo kama ni regular ama premium. Kama stika ilitoka wakati gari ilipigwa rangi, tafuta kitabu cha gari ama tafuta modeli na namba ya aina ya injini (engine code) kwa mtandao. Ukitafuta huko chunga Wamarekani, hesabu yao ni tofauti, wao wanachukua wastani wa RON na MON, vipimo viwili vya okteni, na sisi tunatumia RON peke yake, kwa hivyo 87 yao ni kama 91 ama 92 ya hesabu yetu. Kuna mteja alinibishia karibu tugombane ati Amerika wanatumia mafuta mbaya kuliko sisi, na alikuwa na video.

Kitu kingine watu hawafikirii ni mlima. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130. Juu huku hewa ni nyepesi, silinda inavuta hewa kidogo, kubanwa kunapungua, kwa hivyo gari isiyo na turbo inahitaji okteni ya chini kidogo. Ndio maana Afrika Kusini watu wa Johannesburg wanawekewa 93 na inawatosha, na huko Colorado Marekani kwa milima wanauza mpaka 85 ya hesabu yao. Kwa hivyo usishangae gari imekaa Nakuru mwaka mzima kimya halafu ikishuka Ahero na joto la kule inaanza kugonga. Lakini mwenye turbo asijidanganye na hii, turbo inasukuma hewa yenyewe, kwake mlima haubadilishi mengi.

Tena si kila kugonga ni okteni, nasema hivi kama muuza plagi. Injini imejaa kaboni itagonga, inachemka kwa sababu thermostat imekwama ama radieta imeziba itagonga, imewekewa plagi za joto lisilofaa itagonga, taimingi ikiwa mbaya vile vile. Mtu anabadilisha petroli stesheni tatu kabla aangalie maji ya radieta.

Halafu kuna hizi chupa za kuongeza okteni. Niko nazo kwa shelfu, sikatai. Chupa inasema inaongeza pointi 30 na mtu anapiga hesabu ya juu juu anadhani amepita 120, kumbe hizo pointi 10 ni namba moja tu, kwa hivyo 30 ni namba 3, na hapo ni kama ulipima vizuri na tenki. Nyingine ziko na madini ya manganizi, na wenye wanazitumia kila wiki nawajua plagi zikitolewa, ile kauri nyeupe kwa mdomo inakuwa na unga mwekundu wa rangi ya kutu, ukipitisha ukucha unatoka. Plagi ya hivyo inaanza kukosa moto, na mtu anarudi kununua zingine kwangu.

Hata hivyo, Mhariri, ukichagua namba sawa na petroli iwe imechanganywa mafuta taa, umefanya kazi ya bure. Mafuta taa okteni yake ni ya chini sana, kidogo tu ikiingia namba inaanguka. Ndio serikali mwaka wa 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili hao watu wa kuchanganya wasipate faida. Kuna kituo kimoja upande wa huku, sitakitaja, gari tatu za wateja wangu zilijaza hapo wikendi moja na zote zikaja Jumatatu zikigonga na kutoa moshi. Risiti walikuwa wametupa wote, sasa utashtaki na nini? Chukua risiti watu wangu, na ikigonga mara tu baada ya kujaza, usimwage hiyo mafuta, weka lita moja kwa chombo safi na upigie EPRA, kuna dawa inawekwa ndani ya mafuta taa, wakipima petroli wanajua kama imechanganywa.

Ninachoomba si kikubwa. Marekani kila pampu iko na stika ya manjano yenye namba ya okteni, Ulaya utaona 95 ama 98 hapo hapo kwa mkono wa pampu. Hapa mafuta yote ya halali yanapita kwa viwango vya KEBS, shirika la ubora wa bidhaa, namba iko, imepimwa, iko kwa karatasi za waagizaji. Inashindikana nini kuandikwa kwa pampu ya Nakuru? EPRA wakisema leo kwamba hakuna kuuza petroli ya bei ya juu bila kuandika imepita ya kawaida na namba ngapi, vituo vitaandika kabla ya mwezi kuisha, na mwenye Golf na mwenye Probox kila mtu ataona pampu yake.

Na vijana wa boda mmeanza kuniuliza pia: Boxer inakunywa super ya kawaida bila shida yoyote, hiyo pesa ya ziada badilisha nayo oil.

Muuza spea,
Nakuru