Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chuma Kishike Fremu

Ndugu wanachama,

Naomba nianze na stendi za kuegesha baiskeli tulizong'oa mwaka huu, kabla ya zile tulizosimika.

Stendi zinazobana tairi la mbele peke yake tulizipigania sisi wenyewe chama kilipoanza, kwa sababu safu fupi ilionekana kubeba baiskeli nyingi. Tulikosea, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kuzitetea. Baiskeli ikisukumwa kidogo tu, uzito wote unalemea rimu; spoku zinalegea na tairi linaanza kuyumba. Mwizi naye hana haja ya kuvunja kufuli. Anafungua nati za tairi la mbele, analiacha pale, anaondoka na baiskeli. Mwenzetu mmoja alitoka kazini jioni akakuta tairi tu, kufuli halijaguswa.

Tulizoweka badala yake ni bomba moja la chuma lililokunjwa kama herufi U iliyopinduliwa, kimo chake kama sentimita 75. Wengi huziita Sheffield, kwa jina la mji wa Uingereza. Fremu inaegemea sehemu mbili, hivyo baiskeli haigeuki wala haianguki, na kufuli linashika fremu na tairi kwa pamoja. Kila stendi inabeba baiskeli mbili, moja kila upande.

Tulipovutana zaidi na mafundi ni kwenye nafasi. Kati ya stendi na stendi tunadai isipungue mita moja. Zikibanana, usukani unanasa kwenye usukani, kapu linagonga kapu, na watu wanaacha upande mmoja mtupu. Mahali pamoja tulikuta zimesogezwa ukutani kiasi kwamba baiskeli haiingii kabisa, ikabidi zege livunjwe. Tangu siku hiyo tunakwenda na chaki na baiskeli zenyewe, tunazipanga, tunachora, ndipo fundi anachimba. Miguu ya stendi tunataka izamishwe kwenye zege. Bolti ya kawaida hufunguliwa na yeyote mwenye spana.

Waliolalamika kwamba tunawabana waenda kwa miguu walikuwa na haki. Pale njia ilipokuwa nyembamba tuliomba nafasi moja ya kuegesha gari, nayo inatosha baiskeli kumi hivi. Kwa ajili ya wasioona, tumeomba stendi za mwisho wa safu ziwe na fito ya chini, ili fimbo nyeupe iiguse kabla mtu hajajigonga.

Katika kikao cha katikati ya mwaka baadhi yenu mlitaka tudai jengo kubwa la maegesho, mkitaja Utrecht kule Uholanzi, ambako chini ya kituo cha treni kuna nafasi 12,500. Wazo hilo naliheshimu. Ila wengi wanaoegesha pale wanapanda treni na kurudi baada ya saa nyingi. Anayeingia dukani kwa dakika kumi hatembei mbali. Ataifunga kwenye nguzo ya taa iliyo karibu na mlango. Kwa hiyo kamati imeendelea kudai stendi chache mlangoni, penye macho ya watu na mwanga usiku, na imekataa safu ndefu zilizofichwa nyuma ya majengo. Stendi iliyofichwa humfaa mwizi kuliko mwenye baiskeli.

Mapaa ya kufunika stendi hatujafanikiwa kuyapata. Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Deni kubwa tulilobaki nalo ni baiskeli za mizigo na za magurudumu matatu. Ni ndefu na pana kuliko nafasi zetu zote, na baadhi ya wanaozitegemea ni watu wenye ulemavu ambao hawana chombo kingine cha kuwafikisha wanakokwenda. Inaniuma kwamba tumechora mwaka mzima bila hata moja kuwapo. Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu tunapima eneo jipya. Mwenye baiskeli ya aina hiyo tafadhali aje nayo. Chaki itaanza kwake.