Mwanangu, usiziruke zile sentimita 132

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Lindi hatujambo. Bibi yako miguu imepunguza kuuma na anakusalimia sana. Jumapili ulipopiga kwa simu ya matroni, salio lilikatika katikati ya swali lako la vipindi vya historia ya dunia, nami sikutaka swali lile lipotee. Ulisema: "Mama, miaka milioni 66, milioni 150, milioni 500, zote naziona sawa tu. Nakariri." Nimekaa nalo siku tatu. Leo mchana wateja walikuwa haba, basi nikalijibu kwa kitu nilichokuwa nacho shingoni.

Futi kamba yangu ina sentimita 150. Dunia ina umri wa miaka milioni 4,540 hivi. Nikagawanya, mwanzo wa kamba ukiwa kuzaliwa kwa dunia na mwisho wake ukiwa leo: kila sentimita inabeba miaka milioni 30 na kidogo. Nikaitandaza juu ya meza ya kukatia, nikachukua pini zangu zenye vichwa vya rangi, nikaanza kuchoma.

Pini ya kwanza ya uhai iliingia sentimita ya 35. Huko Australia Magharibi kuna mawe ya miaka milioni 3,480 yaliyojengwa na vijidudu, utando juu ya utando, kama ukoko wa uji usiokwanguliwa sufuriani. Baada ya hapo nini? Vijidudu tena, mwanangu. Sentimita ya 50, vijidudu. Ya 60, vijidudu. Nilipofika ya 71 nikachoma pini ya kijani, maana hapo hewa ndiyo inaanza kupata oksijeni. Baadhi ya vijidudu, wanaoitwa sayanobakteria, walikuwa wakijipikia chakula kwa maji na mwanga wa jua, na oksijeni ikawa ndiyo taka yao. Taka hiyo ndiyo unayoivuta sasa hivi ukisoma barua hii. Kabla haijajaa hewani ilishika kwanza chuma kilichoyeyuka baharini, kikawa kutu, kikazama chini. Sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa duniani leo, pamoja na cha mkasi wangu pengine, ni kutu ile ya kale.

Wanyama wenye magamba na miguu, wale wa kipindi cha Kambria, wanaanza kuonekana kwa wingi sentimita ya 132. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Nimekipekua kitabu chako cha mwaka jana ulichoacha kabatini: zile sentimita 132 zimepewa nusu ukurasa, kisha kurasa zote zilizobaki ni za sentimita 18 za mwisho. Ndiyo maana unaziona namba zote sawa. Umepelekwa mwisho wa safari bila kupitishwa njiani. Nakuomba, ukilisoma lile jedwali la vipindi tena, kaa kwanza na hao wasioonekana kwa macho, maana dunia ilikuwa yao kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa ya mtu mwingine yeyote.

Mimea ilipanda nchi kavu karibu na 134, samaki wenye mapezi mazito wakaanza kujikokota nje ya maji karibu na 138. Kwenye 142 kuna pini nyeusi. Volkano za Siberia zilimwaga lava na gesi kwa kipindi kirefu, bahari ikapata joto na kukosa hewa, na zaidi ya spishi nane kati ya kila kumi za baharini zikatoweka. Jambo lililonigusa ni kwamba ukisogea milimita tatu tu kutoka hapo, kuna mnyama wa kwetu, wa bonde la Ruhuhu karibu na Ziwa Nyasa. Wataalamu wanamwita Nyasasaurus, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote waliokwisha kupatikana, au ndugu yao wa karibu.

Pini nyekundu iko 145 kamili. Hiyo ni Tendaguru, huku kwetu Lindi, kulikochimbwa mifupa ya dinosaria.

Unajua kwamba mwaka 2000, kabla hujazaliwa, niliwapikia wataalamu wa Kijerumani na wa Kitanzania waliokuja kuchimba kule. Siku moja nilikuwa napeleka ndoo ya maji, mzee mmoja wa kwetu akaniita mtaroni. Akanishika mkono, akauweka ukutani. Chini kulikuwa na udongo laini, mwekundu kidogo. Juu yake mchanga mgumu, na ndani ya mchanga huo kombe la bahari, limegeuka jiwe, mistari yake yote ikihesabika kwa kidole. Bahari iko mbali na pale! Akaniambia kwamba matabaka yenye mifupa ni matatu, na kati yake bahari iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka. La chini lilitangulia, la juu likafuata. Kombe tulilirudisha mahali pake.

Mifupa mikubwa ilikwisha kuondoka zamani. Kati ya 1909 na 1913, Vita vya Maji Maji vikiwa vimemalizika juzi tu na njaa ikiwa haijasahaulika, babu zetu walichimba zaidi ya tani 200 wakazibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Shika jina hilo pamoja na majina ya vipindi. Mjusi wa Tendaguru yuko Berlin, amesimama mita 13. Kipindi chake kinaitwa Jurasiki kwa sababu ya milima ya Jura, Ufaransa na Uswisi, ambako mawe ya umri huo yalichunguzwa kwanza. Wangeanzia huku, leo ungekuwa unakariri jina la Lindi.

Jiwe kutoka angani lililowamaliza dinosaria lilianguka Mexico, karibu na 148. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu, zilizoachwa na ndugu wa kale wa binadamu miaka milioni 3.66 iliyopita, ziko milimita moja na ushei kabla ya mwisho. Nilipofika kwa binadamu wa sura yetu, miaka 300,000, nilikwama, maana pini yenyewe ni nene kuliko historia yetu yote.

Futi kamba nimeiweka humu ndani. Pini nimezitoa zisije zikakuchoma, na kila mahali nimeshona fundo la uzi wa rangi ileile. Nitanunua nyingine sokoni kesho. Ukiifungua, anzia upande wa namba 1, na uipitishe vidoleni polepole mpaka ulifikie fundo la kijani.

Mama yako