Anayechelewa anasemwa mstarini, aliyeharibu mtoto wa mtu anapewa uhamisho

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hili la nidhamu ya watumishi wa shule huku kwetu Kusini, Lindi na Mtwara, maana linaongelewa sana ila naona linaongelewa kichwa chini miguu juu. Kiongozi akija ziara ni walimu wawajibishwe, kikao cha wazazi ni walimu wawajibishwe, na mimi wala sipingi, mwalimu mzembe ni hasara kwa kijiji kizima na nimekaa shuleni mpaka nimestaafu kwa hiyo nawajua vizuri tu. Ila ukiangalia nani hasa anaadhibiwa, kwa kosa gani na aliyemwadhibu ana mamlaka gani, unakuta wenye makosa madogo ndo wanavuliwa nguo hadharani na wenye makosa ya kufukuzwa kazi wanapita kimyakimya.

Chukua hili la kuchelewa. Waliofundisha wanajua daftari la mahudhurio lilivyo, linakaa mezani kwa mwalimu mkuu, saa 1:30 asubuhi ikifika unapigwa mstari mwekundu chini ya jina la mwisho na ukija baada ya hapo unasaini chini ya mstari. Utaratibu mzuri tu. Sasa shule moja huku kwetu alikuja kiongozi (simtaji, na wilaya siitaji), akaliomba lile daftari, akatoka nalo nje mpaka mstarini watoto wamejipanga, akaanza kusoma majina ya walio chini ya mstari mmoja mmoja na kila aliyetajwa anaambiwa apite mbele. Kulikuwa na mwalimu wa kike anafundisha darasa la kwanza na la pili yote mawili, amepanga mbali kwa sababu nyumba ya mwalimu pale shuleni ni moja na anakaa mwalimu mkuu, mvua imenyesha usiku kucha bodaboda haipandi ule mlima. Akapita mbele. Watoto wake wa darasa la kwanza wakaanza kucheka maana kwao ni kama mchezo. Mnategemea kesho yake akiwaambia nyamazeni watanyamaza?

Baada ya wiki akaja kunionesha barua. Nusu ukurasa, haina kumbukumbu namba, tarehe imefutwa ikaandikwa juu yake kwa kalamu, imeandikwa "utovu wa nidhamu na kutowajibika" na ajieleze ndani ya saa 24 kwa nini asichukuliwe hatua. Utovu gani, siku gani, saa ngapi, hakuna. Na kabla hajajibu ile barua ilikuwa imeshapigwa picha imerushwa kwenye grupu la WhatsApp la walimu wa kata. Sasa hapo mtu anajitetea nini? Hujaambiwa umekosa nini na hukumu wenzako wameshaisoma kwenye simu.

Sheria haiko hivyo ndugu zangu. Toka 2016 walimu wa shule za serikali, msingi na sekondari, nidhamu yao iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 (wazee wenzangu bado wanasema TSD, ile ilikuwa idara ya zamani). Makosa mepesi kama kuchelewa, kutoroka saa za kazi, kutomaliza kazi uliyopangiwa, yanaishia kwa mkuu wa shule au mwalimu mkuu, na adhabu zake ni onyo, karipio, au kuzuiwa nyongeza ya mshahara ya mwaka. Basi. Makosa mazito yanakwenda TSC wilaya, mwalimu anapewa hati ya mashtaka inayosema kosa lenyewe ni lipi na limetendeka vipi, anapewa muda wa kujibu kwa maandishi, kama anakana inaundwa kamati ya uchunguzi inasikiliza na mashahidi, halafu ndo unatoka uamuzi, na adhabu za huko ni kufukuzwa kazi, kushushwa cheo au kupunguzwa mshahara. Mle ndani utafute kuitwa mbele ya wanafunzi, utafute kupigishwa pushapu, utafute kurushwa kwenye grupu, huvioni.

Kwani tumeshasahau ya Bukoba? Februari 2009 mkuu wa wilaya wa kule aliamuru walimu wa msingi wachapwe viboko eti matokeo ya watoto ni mabaya, na Rais Kikwete akamwondoa. Nchi nzima ilisema ni aibu. Lakini tabia ya mwanasiasa kujifanya mamlaka ya nidhamu haikuondoka na yule bwana, imebadilisha nguo tu. Mkuu wa wilaya akiona mwalimu ana kosa aandike kwa mkurugenzi wa halmashauri au kwa TSC wafuate njia, hakuna aliyemkataza, ila kipaza sauti hakijawahi kuwa hati ya mashtaka.

Sasa njoo upande wa pili ambao ndo unaoniuma zaidi. Utoro kwanza. Kanuni za utumishi wa umma zinasema kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa zito, unaweza kufukuzwa. Na wapo wanaostahili kabisa. Msimu wa korosho ukiingia, kuanzia Oktoba minada ikianza, kuna shule za Tandahimba, Newala na Masasi ukipita unakuta ofisi ya walimu ina watu wawili, wengine wako mashambani au wako ghalani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanafuatilia malipo. Mwalimu kuwa na mikorosho si kosa, mimi mwenyewe ninayo na ndo inanilisha sasa hivi kuliko pensheni, kosa ni kuondoka wiki mbili Oktoba na Novemba wakati darasa la nne na kidato cha pili wana mitihani ya taifa. Na huyo unakuta hana hata onyo moja kwenye faili! Anasaini daftari siku akirudi, anasaini siku zote kwa mpigo, mwalimu mkuu anajua na ananyamaza maana na yeye alikuwa ghalani.

Halafu wa pili ambaye alikuwa na sababu ndo anaandikiwa utoro. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga, watu wamelala njiani, Lindi na Mtwara hatuna pa kupita kwenda Dar. Mwalimu aliyekuwa Dar kwa ruhusa akakwama upande wa pili wa maji, huyo utamhesabia siku tano? Ndo maana kanuni imeweka hayo maneno ya sababu ya msingi, na ndo maana kuna kusikilizwa, mtu alete tiketi ya basi, alete meseji alizomtumia mkuu wake. Mwenye jukumu akiruka hatua ya kusikiliza, mzembe wa korosho na aliyekwama kwenye mafuriko wanakuwa kitu kimoja.

Na hili la watoto wa kike sasa. Hapa nitasema bila kupepesa. Mwalimu kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi ni kosa la kufukuzwa kazi, hakuna cha karipio hapo, na akimpa mimba ni jinai, sheria ya elimu ilirekebishwa 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30. Kinachotokea vijijini kwetu ni funika kombe mwanaharamu apite. Mzazi anafuatwa usiku, wanakaa na wazee wawili watatu, hela inatoka au magunia yanatoka, mtoto anaambiwa aseme aliyempa mimba ni kijana wa bodaboda aliyeshahama. Mwalimu anaombewa uhamisho "kwa kulinda hali ya utulivu". Jamani uhamisho si adhabu, haumo kwenye orodha, na huko anakohamishiwa si anakuta darasa lingine la watoto? Anatolewa shule ya barabarani anapelekwa kijiji cha ndani kabisa ambako hata mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, haendi, kama vile watoto wa huko si watoto. Nikisikia shule imepokea mwalimu wa uhamisho wa ghafla katikati ya muhula mimi huwa nauliza kulikoni.

Na hata pale wanapojaribu kumshughulikia, wanaharibu wenyewe. Hasira zikiwashika wanamfukuza kwa maneno ya mkutanoni, au kamati inakaa bila kumpa hati, au mashahidi hawakuhojiwa, halafu jamaa anakata rufaa Tume makao makuu, anashinda kwa kasoro za utaratibu na anarudi na malimbikizo ya mshahara wake wote. Kijiji kinabaki kinasema TSC inalinda wahalifu. Wahalifu wanalindwa na sisi tunaofanya kazi kwa jazba! Anayetaka kweli mwalimu wa namna hiyo atoke kazini ndo angetakiwa kuwa wa kwanza kudai hati iandikwe vizuri na ushahidi ukusanywe mapema.

Kuna jambo lingine wazazi wanalalamika, kwamba mwalimu yuko mahakamani na bado anapokea mshahara. Ni hivi. Akisimamishwa kupisha kesi au uchunguzi anapata nusu mshahara, na kama kesi ya jinai inaendelea basi shauri la nidhamu kwa kosa hilohilo linasubiri mahakama imalize. Inachosha, najua, kesi zinapigwa tarehe mpaka mtoto mwenyewe amekua. Lakini mtu ambaye hajahukumiwa bado ana watoto wanakula.

Viboko navyo nisiviache. Kanuni za 2002 zinasema fimbo zisizidi nne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na inaandikwa kwenye kitabu. Tembea shule kumi uliza hicho kitabu kiko wapi. Walimu wanatembea na fimbo kwapani kuanzia asubuhi, na hilo ni kosa la kinidhamu kabisa, ila husikii mtu anaandikiwa mpaka mtoto aumie vibaya na picha zisambae, hapo sasa kila mtu anashtuka kama vile jana hakuwepo.

Nimeongea walimu tu lakini shuleni kuna mlinzi, mpishi, karani, mhudumu wa bweni. Hawa TSC haiwahusu, wa kuajiriwa serikalini wako kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa sheria ya utumishi wa umma, na wengine wanalipwa na michango ya wazazi hawana hata barua ya ajira, wanafukuzwa kwa "kesho usije". Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Kwenye lile zoezi la kuhakiki vyeti vya watumishi la 2017, lililotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, waliondolewa pia watumishi walioishia darasa la saba ambao waliajiriwa kihalali zamani na hawakughushi kitu, ikabidi 2018 serikali iwarudishe walioajiriwa kabla ya Mei 2004. Mwaka mzima mtu hana mshahara kwa kosa ambalo hakulifanya, na wengi wao walikuwa hawahawa, madereva, walinzi na wahudumu.

Ninachoomba kwa wakurugenzi na makatibu wa TSC wa wilaya zetu, kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu, ni kitu kidogo tu. Orodha ya makosa mepesi na makosa mazito na adhabu zake ibandikwe ofisi ya walimu na kwenye ubao wa matangazo ambako mzazi anaweza kusoma, kwa Kiswahili cha kawaida. Chama cha walimu nacho kiamke, kinakata 2% ya mshahara kila mwezi, basi kifike mpaka shule za mwisho wa barabara kuwafundisha vijana wanaoajiriwa sasa hivi, maana wanaingia kazini wakiwa hawajui hata rufaa inakwenda wapi.

Na nyie walimu wenzangu mnaoniletea barua nyumbani, tafadhali, ukipokea barua yoyote saini na uandike tarehe na saa uliyoipokea, toa kopi ubaki nayo, jibu kwa maandishi hata kama bosi kasema "tutaongea tu". Uamuzi ukitoka na hukuridhika una siku 45 za kukata rufaa toka siku uliyoupokea, unakwenda Tume, na ikikataa Tume bado kuna Rais. Wengi wenu mnakuja kwangu miezi minne imeshapita na barua imekunjwa mfukoni mpaka maandishi yamefutika, hapo mimi sina cha kukusaidia zaidi ya chai.

Ni mimi mwalimu mkuu mstaafu,
Mtwara.