Tupime ziwa kwa namna moja

Mhariri,

Watafiti wa Mwanza, Kisumu na Jinja wanapima ziwa lilelile, Victoria, ila takwimu zao zitalinganishika tu wakikubaliana mapema mambo yanayoonekana madogo. Chukua kisahani cha Secchi, cha kupimia uangavu wa maji: kipenyo sentimita 20, kishushwe upande wa boti wenye kivuli, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, bila miwani ya jua. Andika kina pale kisahani kinapopotea machoni na pale kinapoonekana tena, kisha wastani. Kamba ya nailoni hurefuka ikilowa. Alama zake zikaguliwe kwa futi ya kupimia, kamba ikiwa bado imelowa. Na saa jamani! Mmoja akiandika “saa 2”, mwingine “8:00”, jedwali la pamoja limeharibika. Fomu ghafi nazo zitumwe, maana wastani mtupu haukaguliki.

Msomaji, Kirumba, Mwanza