Kabla ya kiriba, maji ya bibo

Mikindani, Mtwara

Rafiki yangu Somoe,

Salaam nyingi kwako na kwa wanakikundi wote huko Newala. Mnataka kutengeneza viriba vya miche kwa plastiki itokanayo na mabibo, na mmeuliza kama inawezekana. Sukari ipo. Viwanda vingi vya plastiki za namna hii hutegemea mahindi na miwa, mazao yanayodai shamba, mbolea na maji. Bibo lina uzito mara 5 hadi 10 ya korosho yake, na korosho ikishang'olewa, mabibo mengi huachwa yaoze chini ya mkorosho. Hiyo ndiyo sababu ya kuipigania kazi hii.

Ugumu uko kwenye maji ya bibo. Yana sukari kama asilimia 10, glukosi na fruktosi karibu nusu kwa nusu, na hamira ya porini imo tayari kwenye ganda. Mkikamua asubuhi mkayaacha hadi kesho, mtakuta uraka, na kila gramu iliyogeuka pombe imeshapotea kwa plastiki. Okoteni mabibo ya siku hiyo hiyo, osheni, kamueni, chujeni kwa kitambaa, kisha pasheni hadi nyuzi 80 kwa dakika 10. Tumieni sufuria ya stenlesi. Pipa la chuma cha kawaida litaungana na tanini na maji yatakuwa meusi.

Tanini ndiyo inayoleta ule ukakasi mdomoni, nayo huwazuia bakteria wasifanye kazi. Koroga gramu 5 za wanga wa muhogo uliopikwa kwa kila lita, acha mashapo yatuame usiku kucha chombo kikiwa kimefunikwa, chota maji maangavu ya juu, pasha tena. Jelatini husafisha vizuri zaidi, ila ni ghali.

Sasa uchachushaji. Watafiti wa Brazili, nchi nyingine ya mikorosho, wamekwishaonyesha kuwa bakteria Lactobacillus casei hugeuza maji ya mabibo kuwa asidi ya laktiki, malighafi ya plastiki iitwayo PLA. Zimueni kwa maji hadi sukari iwe gramu 50 kwa lita, wekeni joto la nyuzi 37, na muongeze chakula chenye nitrojeni, kwa kuwa maji haya yana nitrojeni haba. Bila hiyo bakteria hudumaa nusu ya njia. Asidi ikizidi, bakteria hujizuia wenyewe, hivyo pH, yaani kipimo cha uchachu, ishikwe kati ya 6 na 6.5 kwa unga laini wa mawe ya chokaa ambayo hayajachomwa. Utatoa gesi na povu: jazeni pipa robo tatu tu, na msilizibe kabisa.

Hesabu ya lita 100 za maji halisi ni hii. Sukari kilo 10 hutoa asidi kilo 9 mkifanya vizuri, na unga wa mawe ya chokaa unaohitajika ni kilo 5. Mnachopata hapo ni laktati ya kalsiamu, yaani asidi iliyoungana na chokaa. Kuirudisha iwe asidi kunataka kilo 4.9 za asidi ya salfuriki, imiminwe polepole ndani ya maji, kamwe isiwe maji ndani ya asidi. Hubaki kilo 8.6 za jasi. Viwanda vya saruji hutumia jasi, lakini ioshwe kweli kweli, maana sukari iliyobaki humchelewesha fundi: saruji haishiki.

Mkiacha sukari gramu 100 kwa lita bila kuzimua, laktati itagandana na kukaba mwiko wa kukorogea, hasa baridi ya usiku huko juu Newala ikiingia. Wengi huliona hilo kuwa kasoro tu. Mimi naona pia ni njia ya kuvuna laktati bila kuchemsha maji mengi kwa kuni, mradi pipa libaki na joto mpaka kazi iishe, ndipo lipozwe.

Kutoka asidi hadi plastiki ya PLA ni kazi ya kiwanda. Asidi hukaushwa kwa joto na ombwe, huunganishwa minyororo mifupi, huvunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo laktidi, husafishwa, kisha huunganishwa tena kwa kichocheo chenye bati. Unyevu ni adui hadi mwisho: chembe za PLA zikiyeyushwa zikiwa na maji zaidi ya asilimia 0.025, minyororo hukatika na bidhaa hupasuka mkononi. Kwa hewa ya pwani yetu, gunia lililoachwa wazi halifai mpaka likaushwe tena.

Tena, Somoe, PLA haifai kwa viriba vyenu. Huoza vizuri kwenye mboji yenye nyuzi 58 hivi, joto ambalo udongo wa Newala haulifikii. Mizizi itabanwa. Baharini nayo hukaa miaka.

Kinachofaa ni plastiki nyingine iitwayo PHB, ambayo Mfaransa Maurice Lemoigne aliigundua ndani ya bakteria mwaka 1926. Bakteria huihifadhi mwilini kama akiba, na vijidudu vya udongo huila bila kuhitaji joto la ziada. Sukari kilo 10 hutoa kilo 3 hadi 4. Angalieni aina ya bakteria: Cupriavidus necator wa asili hula fruktosi na kuiacha glukosi, yaani nusu ya mabibo yenu, ombeni aina iliyofundishwa kula zote mbili. Inahitaji hewa nyingi muda wote, na hapo umeme ndio gharama. PHB tupu hukatika upesi, na huyeyuka kwenye nyuzi 175 hivi, karibu sana na joto linaloiharibu, kwa hiyo mashine isicheleweshe.

Msimu huu ushauri wangu ni kusafisha maji ya bibo na kujaribu pipa moja la lita 200 la laktati. Mkiyaweza hayo, PHB itabaki suala la kupata maabara ya kushirikiana nayo. Msikaushe laktati kwa kuchoma maganda ya korosho; moshi wake una mafuta yanayounguza ngozi.

Niandikie jambo moja kabla hamjanunua pipa: mnapata maji safi lita ngapi kwa siku huko Newala? Kama ni ya kubebwa kwa ndoo, kamueni na kupasha huko, na pipa la kuchachushia likae huku chini Mikindani.

Wako,
Hamisi