Hasira zako ni majonzi, shoga yangu

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu sana. Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Unasema tangu kibarua kiote nyasi umekuwa mkali nyumbani, usiku macho makavu, moyo unakwenda mbio hali umelala. Halafu ukasema, "Sijui nimekuwa mtu gani." Hapo ndipo nilipotafuta kalamu. Kwa simu ningelia tu.

Sikukuhadithia yaliyonipata baada ya kumzika mama. Wewe uliniona nikigawa chai, ukaniambia nimejaaliwa moyo. Matanga yalipoanuliwa na watu kurudi makwao, ndipo ilipoanza. Wala sikulia. Nilikuwa na hasira. Asubuhi moja binti yangu aligonga kikombe, chai ikamwagikia kanga ya mama, ile niliyoiacha makusudi bila kuifua kwa sababu ilikuwa bado inanukia udi na mafuta yake ya nazi. Nilimfokea mtoto wa miaka sita mpaka akajikojolea. Akasimama vilevile, miguu imelowa, ananitazama kama hanijui. Nikatoka uani, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu, na machozi yakaja hapo, baada ya wiki tano.

Ndiyo maana nakwambia hasira zako ni majonzi. Umepotewa na kazi ya miaka tisa, na msiba wa kazi hauna mkeka wala hitima. Watu wanakwambia "jikaze", wanakwenda zao. Neno hilo nimelichukia. Mtu amejikaza mpaka chakula hakipiti kooni, unamwambia azidi?

Aliyenifaa mimi ni jirani wa barabara ya 12, yule mama wa vitumbua. Alikuwa akija baada ya magharibi na ungo wake wa mchele, anachambua, haniambii kitu. Siku ya nne akauliza, "Mama alikuwa anapenda kula nini?" Nikazungumza mpaka adhana ya isha. Nakuomba umtafute mtu wa namna hiyo hapo Bagamoyo. Mama mkubwa wako wa Dunda anaweza, nakumbuka anavyojua kunyamaza.

Kuhusu moyo kwenda mbio, nesi mmoja alinieleza vizuri. Hofu ikikushika, mwili unamwaga adrenalini kana kwamba unakimbizwa, basi mapigo yanapanda na pumzi inakuwa fupi. Alinifundisha kuvuta pumzi nikihesabu hadi 4, kisha kuitoa taratibu hadi 6, kwa dakika chache. Kule kutoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo. Mwanzo niliona mchezo wa watoto, sasa nafanya hata ndani ya daladala. Na usingizi ukikataa kwa kama dakika 20, usigaagae. Inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, simu iache mbali, urudi kitandani macho yakilegea. Chai ya rangi ya usiku nayo uiache, najua unavyoipenda.

Lakini ukiona wiki 2 zinapita na karibu kila siku umezama, hutaki kula, hutaki kuonana na mtu, nenda hospitali ukamwambie daktari hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje hata siku moja. Nipigie saa yoyote, na uende siku hiyohiyo. Usione haya. Huku kwetu, Lutindi ya Korogwe, watu wametibiwa maradhi ya akili tangu enzi za Mjerumani, si jambo la jana. Dua tusiache, na dawa tusiache.

Mwanangu nilimwomba radhi jioni ileile. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama alikuwa na huzuni, kosa halikuwa lako." Akaniuliza kama bibi ataikasirikia kanga. Na wewe waambie wanao, wanaona kila kitu.

Sasa njoo. Panda gari hadi Msata, pale udake basi la Tanga, nami nitakupokea stendi ya Kange. Chumba cha uani kitupu, chandarua nimeshafunga. Hutaulizwa kazi wala mipango. Asubuhi tutateremka Raskazone tukatie miguu majini, na ukitaka kulia utalia huko.

Nipigie Alhamisi uniambie siku.

Ni mimi shoga yako,
wa Ngamiani